Bobari za Kukerezea Bakuli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mafundi wanaoanza kukereza bakuli huniuliza maswali yaleyale. Mengi huja kabla ya kununua, na machache, yale ya uchungu, huja baada ya pesa kwisha. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayoyatoa karakana kila siku.

Bobari ya bakuli ni ipi hasa?

Bobari ni patasi ambayo badala ya kuwa bapa ina mfereji. Mchonga milango ana bobari zake anazozigonga kwa nyundo ya mti, lakini hizo si tunazozisema. Ya kukerezea hushikwa kwa mikono miwili na kuegemezwa kwenye kiegemeo cha mashine huku mbao ikizunguka.

Ziko za aina tatu, na kuzichanganya ndiko kunakoumiza watu. Kuna ya miguu, yenye mfereji usio na kina, kwa ajili ya miguu ya meza, nguzo za ngazi na mipini. Kuna ile pana ya kuvunjia pembe, inayogeuza mti wa pembe nne kuwa wa mviringo. Halafu kuna ya bakuli: fito nene la chuma cha mviringo lililochimbwa mfereji wa kina kirefu, na chuma kingi kimebaki chini ya mfereji ili lisitetemeke.

Kwani kukereza si kukereza? Kwa nini bakuli liwe na bobari yake?

Kwa sababu ya nyuzi za mbao. Pwani yetu imekereza tangu zamani. Tazama miguu ya vitanda na viti vya Lamu na Unguja. Lakini katika mguu wa kitanda nyuzi zimelala sambamba na mashine, kwa hiyo makali hukutana nazo kwa namna moja tu. Bakuli la kawaida hukatwa kutoka kwenye gogo lililopasuliwa, nyuzi zikiwa zimekingama. Kila mzunguko mmoja makali hukutana mara mbili na nyuzi zilizolala na mara mbili na vichwa vya nyuzi. Ni kama kukata laini, ngumu, laini, ngumu, mara kumi kwa sekunde au zaidi. Isitoshe, ndani ya bakuli chombo hutokeza mbali na kiegemeo. Chuma chembamba hakiwezi kazi hiyo.

Seti niliyonunua ina bobari moja pana sana. Naweza kuitumia kwenye bakuli?

Hapana. Hata kwa dakika moja, hata kwa nje tu.

Bobari hiyo pana ni ya kuvunjia pembe za mbao ndefu. Mara nyingi hutengenezwa kwa bamba la chuma lililokunjwa, na sehemu inayoingia ndani ya mpini, yaani msuka, ni nyembamba na bapa. Nilipoanza niliitumia kwenye kipande cha mwembe cha upana wa sentimita 28, kwa kuwa ilionekana kubwa na yenye nguvu kuliko zote. Kona moja ya makali iling'ata vichwa vya nyuzi, msuka ukakatika pale unapoingilia mpini, na chuma kikaruka hadi ukuta wa pili. Nilibaki nimeshika mpini mtupu. Nilipouokota ule msuka, unene wake haukuzidi kidole changu kidogo. Tangu siku hiyo, mtu akija na seti, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuitoa bobari hiyo na kuiandika kwa kalamu ya wino mzito: SI YA BAKULI.

Nina pesa ya bobari moja tu. Ninunue ipi?

Nunua yenye shafti (fito la chuma lenyewe) ya milimita 13, yaani nusu inchi, ya chuma cha haispidi (HSS, chuma kisicholainika kwa joto la kunoa), yenye mfereji wa mviringo wa wastani. Hiyo itakufanyia bakuli la sentimita 10 na itakufanyia la sentimita 35. Wakerezaji wengi wenye makabati yaliyojaa vyombo bado hufanya sehemu kubwa ya kazi yao kwa bobari ya ukubwa huo.

Pesa itakayobaki usinunulie bobari ya pili. Iweke kwenye kunoa. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote katika ukurasa huu: bobari ya wastani iliyonolewa vizuri huishinda bobari ghali butu kila siku.

Mbona nusu inchi ya duka moja ni nyembamba kuliko nusu inchi ya duka jingine?

Swali hili limepoteza pesa za watu wengi. Viwanda vya Uingereza kwa desturi hupima upana wa mfereji. Wamarekani hupima unene wa shafti yote. Kwa hiyo bobari iliyoandikwa inchi 3/8 kutoka Sheffield, Uingereza, ina shafti ya nusu inchi hivi, na Mmarekani angeiita ya nusu inchi. Ya nusu inchi ya Uingereza ina shafti ya inchi 5/8, karibu milimita 16. Ya robo inchi ina shafti ya inchi 3/8, karibu milimita 10.

Kabla ya kulipa, uliza swali moja tu: "Shafti ina unene wa milimita ngapi?" Muuzaji asipoweza kujibu, mwambie apime.

Unene wa shafti una maana gani kwenye kazi?

Unakueleza chombo kinaweza kutokeza kiasi gani nje ya kiegemeo kabla hakijaanza kutetemeka. Kanuni ninayoifuata: milimita 10 isizidi sentimita 5, milimita 13 isizidi sentimita 8 hadi 10, milimita 16 inaweza kufika sentimita 13 hivi. Ukivuka hapo utasikia mlio wa kukereketa, na ukuta wa bakuli utajaa mistari kama mchanga uliopitiwa na maji. Mara nyingi dawa ni kusogeza kiegemeo ndani ya bakuli, si kununua chombo kinene.

HSS, M2, M42, chuma cha unga. Nichague kipi?

Anza kwa kukataa chuma cha kaboni cha kawaida. Kinanoleka vizuri sana, lakini kwenye jiwe la umeme hupata moto haraka, makali yanageuka bluu, na pale palipogeuka bluu ugumu umekwisha. Chuma cha haispidi kilioneshwa Paris mwaka 1900 kwa kazi ya kukata vyuma viwandani, na sifa yake ni hiyohiyo tunayoihitaji: kinaweza kupata joto la zaidi ya digrii 500 bila kulainika.

M2 ni haispidi ya kawaida, yenye tungsteni, molibdenamu, kromiamu na vanadiamu. Inatosha. M42 imeongezewa kobalti karibu asilimia 8 na hukaa na makali kwa muda mrefu zaidi. Vyuma vilivyotengenezwa kwa unga ulioshindiliwa, kama 10V ambacho Thompson, mtengenezaji wa bobari wa Marekani, hukitumia, hudumu zaidi tena kwa sababu ya wingi wa vanadiamu.

Nimetumia zote. Kwa anayeanza nasema M2, kwa sababu mwaka wa kwanza utakosea kunoa mara nyingi na kula chuma kingi. Afadhali ule cha bei nafuu. Ukishazoea, na hasa kama unakereza mbao zetu ngumu, tofauti ya M42 na ya chuma cha unga utaiona kwa macho: badala ya kurudi kwenye jiwe mara sita kwa bakuli moja, unarudi mara tatu.

Jambo moja zaidi kuhusu haispidi: usiichovye kwenye maji ikiwa ya moto. Mshtuko wa baridi unaweza kuipasua nyufa ndogo usizoziona, na makali yatakuwa yanamenyeka bila wewe kujua sababu. Iache ipoe yenyewe.

Nitajuaje kama ni haispidi kweli? Kila kitu sokoni kimeandikwa HSS.

Tazama cheche. Mwombe muuzaji ruhusa ya kugusisha kidogo tu upande wa msuka kwenye jiwe la grainda, mahali penye kivuli. Chuma cha kaboni hutoa cheche nyingi, nyeupe zenye umanjano, zinazopasuka mwishoni kama nyota. Haispidi hutoa cheche chache, fupi, za rangi nyekundu au chungwa iliyofifia, na hazipasuki. Ukiziona zote mbili mara moja hutazisahau tena.

Kama muuzaji anakataa, angalia mambo mengine. Mfereji uwe laini ndani, usiwe na mikwaruzo mirefu ya mashine, kwa sababu makali ni pale ambapo mfereji na hanamu (mteremko ulionolewa nyuma ya makali) vinakutana. Mfereji ukiwa na mikwaruzo, makali yatakuwa na meno. Kuta mbili za mfereji ziwe sawa. Na upime urefu wa mfereji wenyewe, si urefu wa chombo, maana ukishanoa hadi mwisho wa mfereji bobari imekufa.

Mfereji wa V au wa U?

V hupitisha maranda haraka na hutoa mabawa (makali ya pembeni) yaliyonyooka, lakini ncha yake ni nyembamba na hukamata kwa urahisi. U una ncha pana, mzuri kwa chini ya bakuli. Wa katikati ya hizo mbili, unaopanuka taratibu, ndio ninaoupendekeza kwa chombo cha kwanza kwa sababu unasamehe makosa ya kunoa.

Hanamu iwe ya digrii ngapi?

Hanamu ni ule mteremko nyuma ya makali, unaotelezea juu ya mbao na kuyaongoza makali. Bobari ikitoka kiwandani mara nyingi huja na umbo la kiwanda tu, utalibadilisha.

Yapo maumbo mawili ninayoyafundisha. La kwanza ni lile la mabawa yaliyorudishwa nyuma. Ulaya huhusishwa na mkerezaji Liam O'Neill wa Ireland, na Marekani na mkerezaji David Ellsworth. Ncha ina digrii 55 hadi 60, na mabawa yanarudi nyuma marefu kama ukucha uliokatwa vizuri. Umbo hili linakata kwa ncha, linakata kwa bawa, na ukilaza mfereji linakwangua taratibu. La pili ni la digrii 40 pande zote ambalo mkerezaji Stuart Batty amelieneza. Linaacha uso safi ajabu kwenye vichwa vya nyuzi, lakini linadai mkono mtulivu, na kwa bakuli lenye kina halifiki chini.

Sababu ya kutofika ni hii. Ukishuka kwenye ukuta wa ndani halafu ukakata kona kuelekea chini, lazima hanamu iendelee kugusa mbao. Hanamu ikiwa kali sana, utalazimika kuusukuma mpini upande wa pili hadi ugonge mdomo wa bakuli. Hapo hanamu inaachia, na makali yakibaki peke yake yanang'ata. Hanamu butu zaidi, ya digrii 65 hadi 70, hupita kona hiyo bila mpini kwenda mbali. Ndiyo maana bobari yako ya pili, siku utakapoinunua, iwe ya U na unoe kwa digrii hizo, kwa kazi ya chini ya bakuli tu.

Anza na digrii 55 na mabawa ya wastani. Usiyavute mabawa marefu kupita kiasi. Yanavutia kwenye picha lakini ni magumu kuyanoa yawe na mkunjo mmoja usio na shimo.

Ninolee nini?

Grainda ya mezani yenye mawe mawili ya inchi 8 ndiyo bora. Ya inchi 6 inafaa ukikosa. Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, kwa hiyo grainda ya haraka huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika na ya polepole karibu mara 1,450. Tafuta ya polepole. Ya haraka nayo inanoa, ila inakula chuma na inahitaji mkono mwepesi. Usidanganyike na mashine ya mtumba ya volti 120 kutoka Marekani.

Jiwe la kijivu linalokuja na grainda halifai kwa haispidi. Ni gumu mno, linaziba na kuunguza. Badilisha uweke jeupe la oksidi ya alumini, lenye chembe za namba 80. Gurudumu la CBN (la chuma lililopakwa chembe ngumu sana za boroni nitridi) ni zuri zaidi, halipungui umbo na halihitaji kusawazishwa, lakini ni ghali na ni la vyuma vigumu tu. Ukinolea chuma laini juu yake litaziba.

Kisha jigi, yaani kishikio kinachoiweka bobari kwenye pembe ileile unaponoa. Najua mafundi wazuri wanaonoa kwa mkono mtupu, na mimi nilijaribu kuwa mmoja wao kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Jigi ya aina ya Vari-Grind ya Oneway, ya Kanada, au nakala yake uliyochomelea mwenyewe, hufanya jambo moja: umbo lilelile linarudi kila mara. Chombo kitokeze urefu uleule mbele ya jigi, kwa mfano milimita 50. Pigilia kibao kwenye meza chenye kituo cha urefu huo, uache kupima kwa rula.

Kuseti ni rahisi. Paka hanamu yote wino wa kalamu nzito. Weka bobari kwenye jiwe likiwa limezimwa, lizungushe kwa mkono mara moja. Wino ukikwaruzwa nyuma tu, kisigino (ukingo wa nyuma wa hanamu) kinagusa. Sogeza mkono wa jigi. Ukikwaruzwa mbele tu, utabadilisha pembe bila kutaka. Ukifutika kuanzia kisigino hadi makali, washa mashine. Mpito mmoja wa bawa hadi bawa, mwepesi, bila kukandamiza. Mara mbili inatosha.

Kujua kama ni kali, shika bobari chini ya taa na uigeuze taratibu. Makali butu hurudisha mwanga kama uzi mweupe. Makali mazuri hayarudishi chochote.

Mbao zetu zinaharibu makali kiasi gani?

Inategemea mti. Mwembe, mjakaranda na mgrevilea ni miti ya kujifunzia: inapatikana, ina vipande vikubwa, haichoshi chombo. Mninga unakerezeka vizuri na una rangi ya kupendeza, ila vumbi lake huwasha pua na ngozi za watu wengi. Mtiki, au msaji, una silika ndani yake inayokula makali kimyakimya. Unaona tu maranda yanaanza kuwa unga.

Mvule una kisa chake. Ndani ya baadhi ya magogo hujengeka madonge magumu ya kalisi, mawe hasa, na hayaonekani kwa nje. Bobari ikilikuta unasikia "tik!" moja, kisha kila mzunguko "tik, tik, tik". Zima mashine papo hapo. Litoe jiwe kwa ncha ya patasi ya zamani, kisha unoe upya. Vumbi la mvule nalo ni baya kwa kifua, usilikereze bila barakoa nzuri.

Mpingo ni mzito kuliko maji na huzama. Kipande kikubwa cha bakuli hakipatikani kirahisi, lakini vibakuli vidogo hupendeza mno. Chukua maranda membamba, noa mara kwa mara, na usione aibu kumalizia kwa chombo cha kukwangua. Mpingo ni miongoni mwa miti michache inayong'aa ikikwanguliwa.

Fundi wa chuma wa mtaani anaweza kunitengenezea?

Vyombo vya kukwangua, ndiyo. Springi ya gari ikifuliwa, ikapozwa kwa mafuta na kulegezwa ugumu vizuri hutoa chombo kizuri cha kukwangua cha chuma kinene. Bobari ya bakuli ni habari nyingine, kwa sababu mfereji wa kina ulionyooka unataka mashine ya kuchimbia. Nondo ni laini mno. Na tupa la zamani usiligeuze kuwa chombo cha kukerezea hata ukiona wengine wanafanya. Ni gumu na linavunjika kama kioo, na vipande vyake havina mahali vinapochagua kwenda.

Vyombo vya kabaidi (kitu kigumu sana cha tungsteni na kaboni) vya kubadilisha kipande cha mbele je?

Ni vizuri kwa asiye na mahali pa kunolea. Vingi hukwangua, havikati, kwa hiyo vichwa vya nyuzi hunyofoka na utatumia msasa mwingi. Kwenye mwembe mbichi utaona tofauti dakika ya kwanza.

Ninunue yenye mpini au bila mpini?

Bila mpini. Unaokoa pesa na uzito wa mzigo, na mpini ni somo zuri la kukereza. Kwa shafti ya milimita 13, tengeneza mpini wa sentimita 40 hadi 45. Toboa shimo la sentimita 6 hivi lililonyooka, vaa pete ya kipande cha bomba la shaba mbele ili mti usipasuke, kisha gandisha kwa gundi ya epoksi. Wengine hupenda mpini mrefu zaidi; jaribu ufagio kwapani kwanza ujue urefu unaokutosha.

Ninunulie wapi?

Kwenye maduka ya kawaida ya vifaa vya ujenzi utakuta patasi za seremala na seti za bei rahisi. Bobari nzuri utaziagiza. Robert Sorby, Henry Taylor na Crown ni wa Sheffield. Thompson na Carter and Son ni wa Marekani. Jumlisha usafirishaji na ushuru kabla ya kufurahia bei, na mkiwa wawili au watatu agizeni pamoja. Ndugu anayerudi safari anaweza kukuletea moja, ila mwambie aiweke kwenye mzigo wa kupakiwa, si mkoba wa mkononi, la sivyo itabaki uwanja wa ndege.

Seti rahisi ya vyombo nane? Ndani yake utatumia viwili. Bei yake mara nyingi inakaribia ya bobari moja nzuri.

Imefika. Nianzeje?

Inoe kwanza, hata ikionekana kali. Funga kipande kibichi cha mwembe cha sentimita 20, kikague kama kina ufa, kizungushe kwa mkono uhakikishe hakigusi kiegemeo. Vaa kinga ya uso. Simama pembeni, si mbele ya mzunguko, kisha washa kwa mwendo wa chini na uongeze hadi mbao ianze kutaka kutetemeka, urudi kidogo.

Nje ya bakuli kata kutoka kitako kwenda mdomoni. Ndani kata kutoka mdomoni kwenda katikati. Hivyo kila uzi unaokatwa una mwenzake nyuma yake wa kuushikilia. Egemeza shafti kwanza, gusisha kisigino cha hanamu bila makali kukata, kisha inua mpini polepole. Maranda ya kwanza yatatoka kama unga. Endelea kuinua. Ghafla yatageuka kuwa utepe mrefu, wenye unyevu, unaokurukia mkononi, na mlio wa mashine utabadilika kuwa wa kufoka laini. Hapo ndipo pembe yako ilipo.